Mateso, Usaliti na Sadaka

Yapo maneno matatu ambayo hukutana mara nyingi vinywani mwa watu, na kwa sababu hukutana mara nyingi hudhaniwa kuwa ndugu. Maneno hayo ni mateso, usaliti na sadaka. Siku ya Ijumaa Kuu hutajwa pamoja kanisani, na katika mazishi ya mtu aliyekufa kwa dhiki hutajwa pamoja tena. Mhubiri husimama akasema kuwa marehemu aliteseka, kuwa walimwengu walimsaliti, na kuwa maisha yake yote yalikuwa sadaka. Nao wasikilizaji huitikia. Lakini mtu akiyatenga maneno haya, akalitazama kila moja peke yake kama mfanyabiashara atazamavyo sarafu kabla ya kuitia mfukoni, ataona kuwa hayakuzaliwa nyumba moja. Mateso ni jambo linalompata mtu. Usaliti ni jambo analotendewa mtu na mwenziwe. Sadaka ni jambo ambalo mtu hulitenda mwenyewe. La kwanza hatulichagui. La pili huchaguliwa na mwingine. La tatu hakuna mwenye haki ya kulichagua ila yule anayelitoa. Nataka kunena juu ya tofauti hii, maana nimeona kwa macho yangu madhara yanayotokea inaposahauliwa.

Mimi ni mwalimu katika Kimulot, nchi ya vilima katika kaunti ya Bomet, upande wa Kericho, si mbali na msitu wa Mau. Hapa chai ndiyo saa yetu na ndiyo kalenda yetu. Asubuhi ukungu haujaondoka bado, wachumaji wamekwisha ingia mashambani na vikapu migongoni, wakichuma majani mawili na chipukizi moja, majani mawili na chipukizi moja, mpaka jua linapokuwa kali. Wengi wa wanafunzi wangu huchuma Jumamosi, na wengine huchuma kabla ya kengele ya shule, wakaja darasani vidole vyao vikiwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Nafundisha Kiswahili na elimu ya dini ya Kikristo, masomo mawili niliyoyasomea katika chuo cha ualimu. Katika somo la lugha mwanafunzi huuliza maana ya neno. Katika somo la dini huuliza maana ya maisha yake mwenyewe, ijapokuwa hulificha swali hilo nyuma ya jina la mtu aliyekufa zamani.

Siku moja tulikuwa tukisoma habari za usiku ule ambao Yesu alikamatwa. Kijana mmoja, mpenda hoja, alisimama akauliza kwa nini Yuda Iskariote alaumiwe. Alisema kuwa kama wokovu ulihitaji msalaba, na msalaba ulihitaji msaliti, basi Yuda alifanya kazi ambayo lazima ifanywe na mtu fulani. Darasa likachangamka. Wengine walimtetea Yuda, wengine wakamlaani, na wengine walifurahi tu kuona kuwa kipindi kinapita bila mtihani. Ndipo msichana mmoja, ambaye kwa kawaida alikuwa kimya, akainua mkono. Alisema, "Mwalimu, mimi sina swali juu ya Yuda. Nina swali juu ya Kayafa. Kuhani mkuu aliwaambia wazee kuwa kumpoteza mtu mmoja ni faida kama umma utasalimika. Sasa, yule mmoja akipotea kweli, ni nani aliyetoa sadaka? Ni yeye, au ni Kayafa?"

Nilimwambia kuwa swali hilo lilistahili zaidi ya dakika tano zilizobaki, na kuwa tutalirudia. Juma lililofuata kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilipouliza, niliambiwa habari ambayo si ngeni katika nchi yetu. Baba yake alikuwa amefariki, na mambo ya nyumba yaliangaliwa na baba yake mdogo. Karo haikutosha watoto wawili. Kaka yake alikuwa kidato cha nne, naye alikuwa kidato cha pili. Kikao cha nyumbani kikaamua kuwa msichana aache shule kwa muda, achume chai katika mashamba ya majirani, na ujira wake umlipie kaka mtihani. Hakuna aliyemtukana wala kumpiga. Walimwambia kwa upole kuwa hiyo ndiyo sadaka yake kwa ajili ya jamaa, na kuwa hata Yesu aliteseka kwa ajili ya wengine. Walilichukua neno la kanisani, wakalituma limsindikize mtoto mpaka shambani.

Kabla ya kueleza mambo yalivyokwenda, yafaa tulitafutie jibu swali la msichana yule, maana aliliuliza kwa haki. Nami nalitafuta katika kitabu kile kile ambacho wakubwa wake walikitumia.

Katika Mwanzo tunasoma habari za Yusufu mwana wa Yakobo. Ndugu zake walimchukia, wakamvua kanzu yake, wakamtupa shimoni, kisha wakaketi kula chakula. Kisha walimuuza kwa wafanyabiashara waliokuwa wakienda Misri, kwa vipande 20 vya fedha. Aliyetoa shauri la kumuuza aliitwa Yuda. Kwa hakika shauri lake lilisikika kama huruma, kwa kuwa wengine walitaka kuua, naye akaonyesha kuwa kuuza kuna faida kuliko kuua. Watu wengi hupata sifa ya wema kwa njia hiyo: huchagua uovu mdogo ulio na faida, wakataka washukuriwe kwa kuuacha ule mkubwa usio na faida.

Lakini kisa cha Yuda huyo hakiishi hapo. Miaka mingi baadaye njaa iliwapeleka ndugu hao Misri kununua nafaka, nao hawakujua kuwa mkuu aliyesimama mbele yao ndiye Yusufu. Kikombe cha fedha kikaonekana katika gunia la Benyamini, mdogo wao, na hukumu ikawa kwamba Benyamini abaki mtumwa. Hapo Yuda alisogea mbele. Alimsihi mkuu yule amchukue yeye awe mtumwa, na kijana arudi kwa baba yake. Mtu yule yule ambaye zamani alimtoa ndugu yake ili apate kitu, sasa anajitoa mwenyewe ili ndugu yake asipotee. Katika kitabu kizima sijaona mahali panapoeleza waziwazi zaidi tofauti ya sadaka na biashara. Mara ya kwanza Yuda alitoa kilichokuwa cha mwingine, akapokea malipo. Mara ya pili alitoa kilichokuwa chake, bila kuahidiwa lolote.

Watu wengine katika Maandiko hawakufika mbali kiasi hicho. Yeftha, mwamuzi wa Israeli, aliweka nadhiri kabla ya vita: akishinda, atatoa sadaka chochote kitakachotoka kwanza mlangoni mwake kumlaki. Alishinda, na aliyetoka kumlaki ni binti yake wa pekee, akicheza na matari. Baba akararua nguo zake, akalia kuwa binti amemtia katika taabu. Tazama maneno ya wanadamu! Nadhiri ilikuwa ya baba, ushindi ulikuwa wa baba, na sifa ilikuwa ya baba. Lakini gharama ilikuwa ya binti, naye hakuwapo shauri lilipofanywa. Maandiko hayasemi kuwa Mungu alimwomba Yeftha nadhiri ile. Alijitungia mwenyewe, na mwingine akalipa.

Kayafa naye ni wa jamaa hiyo. Hesabu yake ilikuwa sawa, mmoja dhidi ya umma mzima, na hata mtoto wa shule ya msingi aweza kuipiga. Kasoro ya hesabu yake ni kwamba mwenye kuhesabu hakujihesabu. Waswahili husema kuwa mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Kama Kayafa angalisema kuwa yeye ndiye atakayekwenda mbele ya Warumi kwa ajili ya umma, maneno yale yale yangalikuwa sadaka. Aliposema juu ya mwingine yalikuwa njama.

Na Yesu je? Hapa ndipo watu wengi hupotea, wakadhani kuwa aliyapenda mateso, na kwa hiyo mateso ni mazuri. Someni tena habari za bustani ya Gethsemane. Aliingiwa na huzuni, akaanguka kifudifudi, akaomba mara tatu kwamba kikombe kile kimwepuke. Anayependa mateso haombi hivyo. Hakuna mahali ambapo aliyaita mateso mema. Katika maisha yake yote aliyaondoa alipoyakuta, akaponya wenye ukoma, vipofu na waliopooza, wala hakumwambia hata mmoja wao abaki na ugonjwa wake kama sadaka. Kilichoufanya msalaba kuwa sadaka si maumivu. Wezi wawili walitundikwa pamoja naye, wakaumia kama yeye. Kilichoufanya kuwa sadaka ni kwamba alikuwa na njia ya kukimbia na hakukimbia, na kwamba aliowatolea uhai ni wengine. Mateso pasipo hiari ni mateso tu. Yanastahili machozi na msaada, hayastahili kupambwa.

Jibu hilo latosha pia kwa kijana aliyemtetea Yuda Iskariote. Yusufu aliwaambia ndugu zake kuwa ubaya walioukusudia, Mungu aliugeuza kuwa wema. Lakini hakuwaambia kuwa haukuwa ubaya. Mvua ikinyesha ikauzima moto, aliyeichoma nyumba hawi mwema kwa sababu ya mvua.

Sasa tuseme habari ya usaliti. Adui hawezi kumsaliti mtu. Adui humpiga tu. Msaliti sharti awe karibu, na ndiyo sababu wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Silaha yake ni alama ya mapenzi. Yuda alitumia busu. Kabla yake Yoabu, jemadari wa Daudi, alimshika Amasa ndevu kwa mkono wa kuume kama atakaye kumbusu, akamwita ndugu, na kwa mkono mwingine akamchoma upanga. Vitu hivi viwili, busu na salamu, vilifanywa ili wanadamu waweze kukaribiana bila hofu. Msaliti huua mtu mmoja, kisha hujeruhi salamu za watu wote, maana baada yake kila mkono unaonyoshwa hutazamwa mara mbili.

Sisi watu wa vilima hivi hatuhitaji kwenda Yerusalemu kulijua jambo hilo. Jirani zetu Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na kwa asili, waliongozwa na Koitalel arap Samoei, orkoiyot wao, yaani kiongozi wa ibada na mashauri, katika kuupinga utawala wa Waingereza na kupita kwa reli katika nchi yao. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa katika mkutano ulioitwa wa mapatano. Ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, alimpiga risasi akamwua pale pale, na wenziwe kadhaa wakauawa pamoja naye. Masimulizi ya Wanandi husema kuwa aliuawa alipokuwa akinyosha mkono wa salamu. Ofisa huyo alichunguzwa na mabaraza ya kijeshi, akaachiliwa, kisha akaondolewa katika nchi. Zaidi ya miaka 100 imepita, na ukizungumza na wazee habari hii, utasikia kuwa kinachowauma zaidi ya kifo chenyewe ni ule mkono. Shujaa kufa vitani ni jambo linaloeleweka. Kufa katika salamu ni jambo lisilosahauliwa.

Na chai yetu nayo ina kisa kinachohusu neno sadaka. Baada ya vita vikuu vya 1914 hadi 1918 serikali ya Kiingereza ilitaka kuwatunza maofisa wake walioumia vitani. Hilo lilikuwa wazo jema, maana watu wale waliteseka kweli kwa ajili ya nchi yao. Lakini tunzo yenyewe ilitolewa wapi? Zilitengwa eka 25,000 katika nchi ya Kericho ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka na mpango ukavunjika upesi, na katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaanza kupanda miche katika nchi hii. Katika vita hivyo hivyo Waafrika kwa maelfu mengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, wakafa kwa njaa, kuhara na homa. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, ambayo asili yake ni jina la kikosi chao. Hao hawakutengewa eka hata moja kwa majeraha yao. Basi tazama hesabu hiyo: taifa moja lililipa deni la sadaka ya watu wake kwa ardhi ya watu wengine. Kayafa angaliielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa Talai, ukoo wa maorkoiyot kati ya Wakipsigis. Wanaume, wanawake na watoto, wapatao 700, walihamishwa kutoka nchi hii ya baridi, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa joto, mbu na mbung'o. Wengi walikufa huko, na ng'ombe wao pia. Waliobaki walirudi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakakuta hawana mahali pa kurudi. Ilisemwa wakati ule kuwa kuondolewa kwao ni kwa ajili ya amani ya nchi. Watu wachache wapotee, umma usalimike!

Naandika haya bila nia ya kupanda chuki katika mioyo ya vijana. Chuki nayo ni mwalimu mbaya. Nayaandika kwa sababu Maandiko yana jambo la kutufundisha juu ya namna usaliti unavyoweza kuponywa, na mahali pa kulipima jambo hilo ni hapa tulipo. Usiku ule wanafunzi wawili walimkosea bwana wao. Yuda alimuuza, na Petro akamkana mara tatu. Wote wawili walijuta. Watu husahau kuwa Yuda alijuta, hata akavirudisha vile vipande 30 vya fedha, akavitupa hekaluni. Alirudisha fedha, lakini hakurudi mwenyewe, alikwenda akajinyonga. Petro hakuwa na fedha za kurudisha. Alilia, kisha akarudi kwa wenziwe, akakaa kati ya watu waliojua alichokifanya, akaulizwa mara tatu kama anapenda, akapewa kazi ya kuchunga. Mmoja alirudisha kitu bila uso. Mwingine alirudisha uso, na maisha yake yote yakawa malipo.

Nami naona kuwa dunia ina namna ya tatu, ya kuleta uso bila kitu. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya iliyakubali madai ya Wakipsigis na Talai juu ya dhuluma walizotendewa. Mwaka 2022 wadai walipeleka shauri lao mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles wa Uingereza alipozuru Kenya kati ya Oktoba na Novemba 2023 alinena kwa huzuni na majuto juu ya maovu yaliyotendwa wakati wa ukoloni, lakini hakuomba radhi rasmi. Majuto ni mlango. Mtu akisimama mlangoni bila kuingia, wa ndani hawezi kusema kuwa amepata mgeni. Yuda mwana wa Yakobo, yule wa kwanza, ndiye aliyekamilisha yote mawili. Alisogea mwenyewe, na alichokileta mkononi ni nafsi yake.

Baada ya kusema sadaka isiyokuwa sadaka, ni haki kutaja sadaka ya kweli, tusije tukadhani kuwa neno lenyewe ni hila. Katika nchi jirani ya Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliishi chini ya utawala wa Idi Amin, wakati watu walipokuwa wakichukuliwa majumbani mwao wasionekane tena. Mapema mwaka 1977 yeye na maaskofu wenziwe waliandika barua kwa Amin kulalamikia mauaji hayo. Alijua hatari iliyomkabili, na nafasi ya kukimbia alikuwa nayo, kama wengi walivyokimbia. Akabaki na watu wake. Tarehe 16 Februari 1977 alikamatwa akauawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza kuwa walikufa katika ajali ya gari. Luwum hakumpeleka mwingine mbele. Barua ilikuwa na jina lake, na gharama ikawa yake. Hivyo ndivyo sadaka inavyotambulikana: jina lililo juu ya shauri ndilo jina lililo juu ya gharama.

Lakini sadaka si kazi ya maaskofu peke yao. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilifika hata katika nchi ya chai, na watu waliokuja hapa kuchuma kutoka sehemu nyingine za Kenya walifukuzwa na majirani waliokuwa wakisalimiana nao kila siku. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Namjua mama mmoja, mjane, ambaye alificha jamaa ya mchumaji mmoja jikoni mwake usiku tatu, mume, mke na watoto wawili, hali vijana wenye marungu walipita njiani wakiuliza. Kama wangaligundua, wangaliichoma nyumba yake. Miaka mingi baadaye nilimwuliza kwa nini alifanya vile. Alifikiri kidogo, kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la ajabu, akasema, "Watoto walikuwa na baridi, mwanangu." Hakusema sadaka. Tangu siku ile nimeona mara nyingi kuwa anayetoa hulitaja neno hilo kwa nadra sana, na anayepokea au anayedai hulitaja kwa wingi.

Basi nilikwenda nyumbani kwa yule msichana siku ya Jumapili mchana. Nilikaribishwa kwa heshima nikapewa chai. Baba mdogo alinieleza mambo yote kwa utaratibu, wala hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyebanwa. Nilimwambia lile swali ambalo mtoto aliuliza darasani, nikaongeza maneno machache juu ya Yuda mwana wa Yakobo. Alinyamaza. Aliyejibu ni bibi yake msichana, kogo kama tumwitavyo kwetu, ambaye alikuwa ameketi karibu na mlango akichambua mboga. Alisema, "Mwalimu, mimi nisiyejua kusoma nauliza jambo moja. Katika kikao kile tulikuwa watu saba. Nani kati ya hao saba alitoka akiwa amepungukiwa?"

Hakuna aliyepungukiwa, ila yule ambaye hakuitwa kikaoni.

Baada ya kimya kirefu kijana mwenyewe, kaka yake, ambaye karo ilikuwa yake, akasema kuwa yuko tayari kuchuma kila Jumamosi na wakati wa likizo. Bibi akasema kuwa kuku wake wanataga na mayai yana soko. Baba mdogo alikuwa wa mwisho kusema, na maneno yalimtoka kwa shida: alikuwa na mtamba mmoja aliyekuwa akimwekea nia nyingine. Mtamba aliuzwa mwisho wa mwezi. Karo haikutimia yote, na hata leo deni lingaliko. Lakini msichana alirudi, akaketi mahali pake. Yeye naye huchuma Jumamosi, upande mmoja na kaka yake. Kazi ni ile ile, na kikapu ni kile kile, na mgongo huuma vile vile. Kilichobadilika ni kwamba sasa yumo katika shauri, na kila mmoja wa nyumba ile amebeba kikapu chake.

Vijana mnaosoma kurasa hizi, mtakutana na neno sadaka mara nyingi maishani. Mtaambiwa na wazazi, na waajiri, na viongozi wa siasa, na wa dini. Mara nyingine litakuwa neno la kweli, nanyi msilikimbie, maana mtu asiyetoa chochote kwa ajili ya mwingine hufa akiwa mzima na mali yake yote. Lakini kabla ya kuitikia, ulizeni kwa adabu maswali mawili: ni nani anayelitamka, na yeye mwenyewe ameleta nini mezani? Nanyi siku mtakapokuwa wakubwa, mkaketi katika vikao vya majumba yenu, vya vyama au vya serikali, na mtu akasema kuwa yafaa mmoja apungukiwe ili wengine waneemeke, mtazameni huyo mmoja kama yupo chumbani. Kama hayupo, tumeni mtu akamwite kabla ya kupiga kura.

Msichana yule aliniuliza tena swali lake aliporudi, nami nikamwachia yeye alijibu mbele ya darasa. Alisimama akasema kuwa Kayafa hakutoa kitu. Kisha akaketi, akafungua kitabu chake, tukaendelea na somo.